Pikipiki Isiyo na Mahali pa Kushika

Mume wangu alianza kuipunguza uzito pikipiki yake mwaka uleule aliopata kitambi. Naomba msomaji alielewe hilo kwanza, asije akaniona mimi ndiye mke mwenye mdomo. Mdomo ninao, sikatai, lakini nilipewa sababu.

Zilikuwa enzi za ruksa, serikali imeachia watu wafanye biashara. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimefunguliwa Mwanza, samaki wanapanda ndege kwenda Ulaya wakati sisi tunagombania mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, na mume wangu alikuwa wakala. Alfajiri yuko Mwaloni, Kirumba, ananunua samaki kwa wavuvi. Kabla ya saa sita ameshawafikisha kiwandani, na kuanzia hapo yuko huru kufanya upuuzi wake. Wenzake wenye akili walijenga. Wengine walinunua pikapu zilizotumika, wakabebea mizigo. Wangu akanunua pikipiki ya mashindano kutoka Japani, ile ambayo mwendeshaji anailalia kifudifudi kama mtu anayeumwa tumbo.

Mashindano yenyewe nayo uyajue. Yalikuwa ni yeye na rafiki yake mmoja wa Igogo, muuza vipuri vya injini za boti, ambaye naye alikuwa na dude kama hilo. Jumapili wakitoka kanisani walikutana kwetu Igoma, wakakimbizana mpaka Kisesa na kurudi, wakikwepa mashimo na mbuzi. Kila Jumapili mume wangu alikuwa mshindi wa pili. Kati ya watu wawili.

Badala ya kukubali kwamba mwenzake anaendesha vizuri zaidi, akaamua kwamba kosa ni la uzito. Si uzito wake, jamani. Uzito wa pikipiki. Akaanza kuagiza vipuri vyepesi kwa wafanyabiashara waliokuwa wanakwenda Dubai. Likaja bomba la moshi la alumini, ikaja betri ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, zikaja boliti alizoniambia kwa sauti ya chini kwamba chuma chake ndicho kinachotengenezewa ndege. Alizipanga mezani kwangu, nikahamisha sahani.

Kila kilichofunguliwa na kila kilichofungwa alikipeleka Mwaloni kukipima kwenye mizani ya samaki. Wavuvi walimpenda sana kwa hilo, kwa sababu kucheka ni bure. Siku aliyoning'iniza bomba la zamani kwenye ndoano ya mizani, mzee mmoja alilitazama akamwambia, "Wakala, huyu sangara wako amekonda. Mrudishe ziwani akue." Akanisimulia mwenyewe, amekasirika, huku anamalizia ugali wa pili. Nikamwambia gramu zote alizozitoa asubuhi amezirudisha kwenye sahani. Akasema mimi sielewi ufundi.

Vipuri vya kununua vilipokwisha, akaingia kwenye kutoa vilivyopo. Fundi wake wa hapo Igoma alitoa kioo cha pembeni, akatoa madigadi ya nyuma, akakata sifongo ya kiti cha abiria ikabaki nyembamba kama chapati. Wiki moja kabla ya mama yangu kuja, akatoa pia kile chuma cha nyuma ambacho abiria hukishika, pamoja na vikanyagio vya miguu ya abiria. Nilimuuliza mimi nitashika wapi. Akasema, "Si utanishika mimi, mke wangu?" Nikaona haya, nikacheka kama mjinga, yakaisha.

Sasa nieleze habari ya mama. Alikuwa akiishi kijijini kwetu, upande wa Mara, kando ya ziwa. Macho yalikuwa yanamsumbua. Mganga wa zahanati alimwambia ni presha ya macho: la kushoto limeshakwisha, la kulia linaweza kuokolewa likifanyiwa upasuaji mapema, na likifunga halifunguki tena. Ndipo likaja tangazo kanisani kwamba madaktari wa macho kutoka nje watakuwa hospitali ya mjini, Mwanza, kwa muda mfupi, na wagonjwa wapya wataandikishwa mwisho Ijumaa saa nne asubuhi. Mama akapata basi, akaingia kwetu Alhamisi jioni, amechoka, ananishika mkono kila tukikuta kizingiti.

Siku hiyohiyo tulikuwa tumesikia kwamba kesho yake trafiki watakagua magari. Maana yake kila aliyeishi Igoma aliijua: daladala mbovu zitajificha, na nzima zitakuwa za kutafuta. Jirani yetu mwenye pikapu ya maziwa akasema atapita kumchukua mama alfajiri, ampeleke mpaka getini hospitali. Mtu mwema yule. Mume wangu akamjibu kabla yangu, "Usisumbuke, mzee. Mama yetu nitampeleka mwenyewe. Kwa pikipiki ile atafika chai yake haijapoa." Jirani akaniangalia. Na mimi, kwa kumheshimu mume mbele ya watu, nikanyamaza.

Asubuhi mama akavaa gauni lake la kanisani, akajifunga kitenge, akatoka uani. Mume wangu ameshaiwasha, inanguruma mpaka kuku wamekimbia. Mama akapapasa nyuma ya kiti akitafuta pa kushika. Hapakuwa na kitu. Akatafuta kwa mguu pa kukanyaga. Hapakuwa na kitu. Akaniuliza kwa lugha yetu, taratibu, "Mwanangu, hapa mtu anashika wapi?"

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na akimsalimia husimama mbali, ameangalia pembeni. Mume wangu ni mtu wa kwetu, kazaliwa vijiji viwili tu kutoka kwetu, na mila hiyo anaijua kuliko anavyozijua boliti zake. Tangu anioe hakuwahi kumsemesha mama bila kupitia kwangu, hata wakiwa chumba kimoja. Kichwa chote kilikuwa kimejaa gramu. Hakuwaza hata mara moja kwamba katika pikipiki ile nzima kilichobaki cha kushika ni kiuno chake.

Nilimwona jasho linamtoka. Akaangalia ukutani, akasema, "Mwambie mama afumbe macho tu, ashike shati."

Mama alisikia, maana masikio yake hayakuwa na ugonjwa. Akaniambia, "Mwambie mkwe wangu hata nikifumba macho mikono yangu itajua." Akaondoka pale kwenye kiti, akaenda kusimama penye mpapai.

Tukajaribu mimi nikae katikati. Kiti kilichokatwa hakikutosha hata nusu yangu. Tukamwita fundi arudishe chuma. Mke wake akasema amekwenda Magu kwenye msiba, na chuma kilikuwa kwenye banda lake, limefungwa kwa kufuli. Pikapu ya maziwa ilikuwa imeshapita zamani. Nilisimama uani najilaumu kwamba sikujifunza kuendesha lile dude, ningempakia mama yangu mwenyewe na angenishika anavyotaka. Nilimchukia mume wangu, na sisemi hivyo kwa utani.

Akasema atatangulia kuwaomba madaktari wasubiri. Akaondoka kwa kasi ambayo rafiki yake wa Igogo asingeiweza, na kweli alifika mapema, watu wakiwa bado kwenye foleni. Waandikishaji walimjibu vizuri tu kwamba wanamwandikisha mgonjwa, hawamwandikishi mkwe.

Mimi na mama tulitembea. Njia nzima nilikuwa namwambia, "Shimo hapa, mama. Jiwe hapa." Karibu na Buzuruga tukampata kijana anayebeba mkaa kwa baiskeli, ndiyo kwanza ameshusha gunia. Baiskeli ile ilikuwa nzito, ina keria ya nondo upana wa meza. Mama akakaa kwa ubavu, akashika nondo kwa mikono yote miwili, akatulia kama yuko kwake. Nilikimbia nyuma yao mpaka pumzi ikakata. Nilipofika getini nilimkuta mama amekaa kwenye benchi, na mume wangu amesimama mbali naye, ameangalia ukuta. Hakuna aliyehitaji kuniambia kwamba saa nne imeshapita. Tuliambiwa tusubiri watakapokuja tena.

Walikuja tena baada ya mvua mbili kupita. Jicho la kulia lilikuwa limeshafunga.

Mume wangu alikirudisha kile chuma wiki ileile, na vikanyagio, na sifongo mpya nene. Hakuvipeleka kwenye mizani. Baadaye aliiuza pikipiki kwa huyo huyo rafiki wa Igogo, akanunua pikapu, na tangu hapo hajasikika akitaja neno uzito. Watu wanasema amekomaa. Mimi huwa sichangii.

Nilikwenda kumwona mama wakati wa mavuno. Majirani zake walikuwa wamekuja kumsalimia, na yeye alikuwa anawasimulia habari za mkwe wake wa Mwanza, anavyojua adabu: kwamba siku ile angeweza kumlazimisha apande amshike kwa kuwa muda ulikuwa umebana, lakini hakumlazimisha, alikaa mbali na akaangalia pembeni kama inavyotakiwa. "Vijana wa siku hizi wenye heshima hiyo hamtawaona," akawaambia, na wote wakaitikia. Aliyasema kwa fahari kabisa, ameelekeza uso mahali ambapo hapakuwa na mtu. Ungo wa mchele ulikuwa mapajani mwangu. Niliendelea kuchagua mawe, kazi ambayo zamani mama alikuwa hamwachii mtu.