Mtungi wa Bonifasia na Mlingoti wa Raimundi

Bonifasia binti Blasius alizaliwa Litembo, juu kabisa, mahali ambapo asubuhi mtu hutafuta mlango wa jirani kwa kupapasa kwa ukungu. Akaolewa Mbamba Bay, chini kabisa, na Raimundi, nahodha wa mashua ya tanga. Miaka arobaini alikaa hatua mia kutoka ziwani na hakupanda mashua hata siku moja. Wakimcheka aliwajibu, "Mlima haujamzamisha mtu." Wakamwita Mama wa Milimani, akaitika. Kwake hilo halikuwa tusi.

Basi siku za Mwingereza, kabla ya vita vya Hitla, mashua ilikuwa imevutwa mchangani, mchwa wakala kitako cha mlingoti. Ikabidi ushushwe, fundi akate palipoliwa. Kuushusha hakukuwa na kazi. Ulijishusha wenyewe, ukalalia banda la kuku la jirani yao Vitalia, na jogoo aliyepona hakuwika mwezi mzima. Kazi ilikuwa kuusimamisha, maana ulihitaji watu wanane kuubeba tu.

Mwenye mashua, mzee Cuthbert, alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema, "Jumatatu Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, anasafiri na mashua hii. Jua la Jumamosi likizama mlingoti umelala, usukani nampa Pankras."

Pankras alikuwa baharia wa mashua hiyohiyo, mwenye mabega mapana na mdomo mpana zaidi. Raimundi hakula siku ile. Shamba la maana hakuwa nalo, wala ufundi mwingine. Bila usukani angekuwa Raimundi tu, na Raimundi watupu wako wengi.

Jumamosi wakaja wanaume kumi na wawili. Desturi ya pale ufukweni ni pombe kwanza, itie nguvu. Wakaumaliza mtungi wa ulezi aliopika Bonifasia, ndipo wakatia mabega chini ya mlingoti. "Haya! Haya!" Ukafika usawa wa kifua, mmoja akapiga chafya, wote wakacheka, ukarudi chini. Wakafunga kamba kwenye ncha, wakavuta wakiwa mbele ya mashua. Mlingoti haukuinuka. Ulikaza kitako kama mbuzi anayevutwa shingo.

Bonifasia alikuwa amesimama, mikono kiunoni. "Mnavuta kwa chini, halafu mnataka uende juu?"

"Mama Kunigunda, nenda jikoni," Raimundi akasema, akimwita mkewe kwa jina la binti yao.

"Jikoni ndiko ninakotoka. Ndiko ilikotoka pombe mliyokunywa bure."

Pankras akacheka. "Shemeji, huko kwenu Litembo mna mashua ngapi?"

"Hatuna hata moja. Lakini tuna msalaba kilimani, mrefu kuliko hicho kijiti chenu, na haukupanda wenyewe. Leteni miti miwili."

Walileta, kwa kukosa la kufanya. Akawaambia waifunge vichwa pamoja kama mkasi, miguu waitanue huku na huku kwenye mbavu za mashua, na kamba ipite juu ya vichwa vile. Sasa kamba ilivuta kutoka juu. Wawili kushoto, wawili kulia, wakashika kamba za kuuzuia usiyumbe.

Kisha akaleta mtungi wa pili. Raimundi akanyoosha mkono, akapigwa kofi kwenye mkono huo.

"Kwetu siku ya ngokela, siku ya kulimiana, pombe haikai nyuma ya jembe. Inakaa mwisho wa shamba. Mtu analima akiiona." Akauweka mtungi mchangani, pale wavutaji wangefikia mlingoti ukisimama.

Wakavuta! Hawajavuta hivyo tangu wazaliwe. Mlingoti ukainuka, ukapita vichwa, ukapita paa, wanawake wakapiga vigelegele. Ulibaki kidogo tu kusimama wima. Hapo mguu wa Pankras, aliyekuwa wa kwanza kwenye kamba, ukagusa mtungi. Akaachia kamba, akashika kata. Wa nyuma wakaona ataimaliza pombe, wakaachia nao.

Banda la kuku Vitalia alikuwa amelijenga upya juzi yake tu.

Jua likawa limeshaelekea ng'ambo ya ziwa. Raimundi akakaa mchangani, akajishika kichwa. "Umeniua, mama Kunigunda."

Bonifasia hakusema amekosea. Neno hilo hakulijua kwa Kimatengo wala kwa Kiswahili. Alisema tu kwamba watu wa milimani wana kiu yenye adabu. Akajitwika mtungi, akaupeleka hatua ishirini zaidi, nyuma ya jiwe kubwa, akakaa ubavuni mwake.

"Wewe Raimundi, shika mkia wa kamba. Kila wakivuta, izungushe kwenye jiwe hili. Wakikimbilia pombe, wakimbie. Jiwe halinywi."

Wakavuta, Raimundi akazungusha, wakavuta, akazungusha. Mlingoti ukaingia shimoni mwake, ukasimama wima. Mzee Cuthbert akafika jua likiwa kidole kimoja juu ya maji. Akausukuma mlingoti kwa kiganja. Haukutikisika.

"Raimundi. Jumatatu, alfajiri," akasema, akaenda zake.

Kata ikaanza kuzunguka. Pankras akanyoosha mkono.

"Ngoja, shemeji," Bonifasia akasema. "Aliyeachia kamba anakunywa machicha."

Akayanywa, watu wakimtazama. Na tangu mwaka ule, mlingoti ukitakiwa kushushwa au kusimamishwa, mabaharia hawakumwuliza nahodha kitu. Walikwenda jikoni, wakaamkia, wakauliza mtungi utakaa wapi.

Vitalia alihamisha banda hata hivyo.