Matanga ya Kishada

Msimu wa korosho ukifika, kijiji chetu cha Mtawanya chote hunuka mabibo. Ni harufu tamu inayokaribia uchachu, huingia mpaka ndani ya chandarua, na ukishaizoea huisikii tena hadi siku utakapoondoka na kurudi. Mimi niliondoka zamani, kwa hiyo nikienda kwetu miezi hiyo harufu hunipokea kabla ya ndugu zangu, na kitu cha kwanza kinachonijia kichwani si mikorosho wala bibi yangu aliyenilea. Kinachonijia ni katuni. Watu wakinisikia nasema hivyo hunicheka, nami huwaacha wacheke, kwa sababu mambo yenyewe sijayaelewa vizuri mpaka leo.

Nilipokuwa mtoto, mwaka mmoja mama hakuwepo nyumbani. Alikuwa akiuza vitumbua karibu na barabara kuu, na asubuhi moja karai la mafuta lilimpindukia, likamuunguza kuanzia shingoni hadi tumboni. Akalazwa Mchukwi, kwenye hospitali ya misheni, nami nikahamia kwa bibi, Bi Sikudhani, mama yake mzazi. Nilipelekwa kumwona mama mara moja tu. Nilimkuta amezungushiwa bendeji nyeupe sehemu yote ya juu, amelala, hasemi, na mjomba Athumani akanishika mkono tukatoka upesi. Kama atapona au hatapona, hakuna aliyeniambia. Watu wazima wa kwetu mtoto akiuliza habari za mgonjwa humwambia amwombee dua, basi, na mtoto huondoka na swali lake vilevile. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikaenda nalo kuokota korosho.

Dawa yangu ilikuwa banda la video la Seif. Seif alikuwa kijana wa kule delta ya Rufiji, aliyekuja na jenereta lake na televisheni akajenga banda la makuti nyuma ya maduka, na watoto tusiokuwa na hela alitukubalia tuingie kwa kopo la korosho ghafi. Ndani kulikuwa na joto la kukaanga samaki. Tulikaa chini kwenye viroba, tumebanana, petroli inatuingia puani, na tulikuwa na furaha ambayo sijui leo ningeinunua wapi. Jioni alituwekea katuni ya mtu mmoja aliyeruka angani na nguo ndefu mgongoni ikipepea, akiwaokoa watu kwenye moto na mafuriko. Jina lake la kweli hatukulijua, maana lilikuwa la Kiingereza na Seif mwenyewe hakuliweza. Sisi tulimwita Kishada, kwa ile nguo yake iliyopepea kama kishada cha karatasi. Seif alishika kipaza sauti akatutafsiria, na tafsiri yake ilikuwa na mambo mengi ya Rufiji. Adui akijitokeza, Kishada alimwambia, "Leo utautapika mpunga wa watu!" Tukapiga makofi mpaka makuti yakadondosha vumbi.

Sasa kuna sehemu moja iliyotuvuruga. Kishada alipigana ndani ya jengo linalowaka, paa likamwangukia, kisha tukaonyeshwa chumba cheupe. Kishada amelala, amezungushiwa vitambaa vyeupe toka kichwani hadi miguuni, uso hauonekani. Rafiki zake wamesimama pembeni wameinamisha vichwa. Nje mvua inanyesha. Ikaisha hapo. Seif, ambaye hata gari likipita alikuwa akilitafsiria, safari hii alishusha kipaza sauti. Tukamuuliza mbona hatafsiri. Akasema hapo hapana maneno. Tukamuuliza kama amekufa, akasema sehemu inayofuata haijafika, anaisubiri kutoka Dar, na akazima jenereta.

Tulitoka nje. Wenzangu walilia kwa sababu ya Kishada, na mimi nililia nao, lakini machozi yangu yalikuwa na njia mbili. Nilikuwa nimeviona vile vitambaa kwa macho yangu kule wodini. Nikaona kwamba nikijua mwisho wa Kishada nitajua na wa mama, na wazo hilo likaniganda.

Kutwa nzima ya kesho yake watoto hatukuwa na jambo jingine. Wavulana walishikilia kwamba stelingi hafi, haijawahi kutokea, na anayesema amekufa hajui video. Wengine wakasema ile nyeupe ni sanda, mtu havikwi sanda kwa mchezo, na vichwa haviinamishwi bure. Neema, mtoto wa mwalimu aliyetoka bara, akasema kama ni mazishi mbona hakuna jeneza wala kwaya. Binamu yangu Hadija, binti wa mjomba Athumani, akamjibu kwamba Kishada ni Mwislamu, angekuwa Mkristo angezikwa na suti. Wakabishana dini ya katuni mpaka wakasukumana. Mwisho Hadija, aliyezaliwa kuamuru watu, akatoa uamuzi: amekufa, na mtu hawezi kufa akaachwa hivihivi bila matanga. Tutamkalia sisi. Na pa kukalia ni kwa Bi Sikudhani, kwa kuwa bibi alikuwa shambani na uwanja wake ulikuwa umefagiliwa.

Tukatandika mkeka. Wasichana tukajifunika kanga vichwani tukaegemea ukuta kama tulivyowaona mama zetu, wavulana wakakaa upande wao wakishika tama. Hadija akaanza kulia kwa sauti, naye alikuwa na sauti. Ndipo akapita Bi Tatu. Bi Tatu alikuwa mtani wetu, watu wa ukoo wake na wa ukoo wetu walizikana tangu enzi na enzi, na kwa anayejua utani wa kwetu, mtani kwenye msiba ana uhuru ambao sultani hana. Anamwigiza marehemu, anawacheka wafiwa, anaizuia maiti isitoke mpaka apewe chake. Akauliza nani amefariki. Tukamwambia Kishada. Akauliza kafaje, Hadija akamweleza kwamba kaunguzwa na moto. Sijui Bi Tatu alielewa kiasi gani, nadhani aliona watoto wanacheza na yeye akataka kucheza. Alianua shuka jeupe la bibi kwenye kamba, akajiviringisha lote, akajilaza katikati ya uwanja akipiga kelele: "Nizikeni upesi, nyie wachoyo! Nimeungua, nimeiva, hata chumvi hamkunitia!" Tukacheka na kulia kwa pamoja, kama inavyokuwa kwenye misiba ya kweli.

Ila nyumba ya bibi ilikuwa njiani. Wanawake waliotoka kisimani wakamwona Bi Tatu, mtani wa ukoo, amejifunga sanda kwenye uwanja wa Bi Sikudhani, anasema ameungua. Kwetu mtani akifanya hivyo mlangoni kwa mtu, habari imeshafika, hakuna anayesubiri kupigiwa mbiu. Na kijiji kizima kilijua nani wa nyumba hiyo yuko Mchukwi na aliunguzwa na nini. Wakatua ndoo. Wakaja wakilia, wakatuondoa kwenye mkeka, wakakaa wao, mmoja akanivuta kifuani akasema, "Pole mwanangu, ndiyo dunia." Mimi nikashangaa kwamba mtu mzima amemlilia Kishada namna ile, nikaona kumbe alikuwa mtu mkubwa kuliko tulivyodhani. Wanaume wakaleta mabenchi. Kuni zikashushwa, sufuria za shughuli zikatolewa kwa jirani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Kuuliza kwenye msiba nani amekufa ni kukosa adabu, unakaa, unalia, utayasikia hapohapo.

Bibi akatokea kutoka shambani na kikapu cha korosho kichwani. Aliuona uwanja umejaa. Akakishusha kikapu taratibu, bila kumwaga hata moja, kisha akaita jina la mama yangu, Mwanahawa, akakaa chini mchangani. Hapo ndipo nilipojua. Au nilipodhani nimejua, sijui niseme vipi. Kama bibi analia jina la mama, basi mama amekufa, na hawa wote walikuwa wamekuja kwa ajili yake, na mimi peke yangu nilikuwa sijaambiwa. Bi Tatu alipomwona bibi yuko katika hali ile akalitupa shuka, akaanza kulia kwa dhati. Baadaye alieleza kwamba alifikiri habari za hospitali zimefika kweli wakati yeye akicheza, akaona aibu. Wanawake walipomwona mtani mwenyewe analia wakazidi. Kila mmoja alipata hakika yake kutoka kwa mwenziwe. Nililia mpaka sauti ikakauka, na katikati ya kilio nikamwona Neema amesimama karibu na mpapai ananitazama.

Muuguzi mmoja wa Mchukwi alipigiwa simu, hakupatikana. Mjomba Athumani akanunua sanda dukani, akapanda bodaboda kwenda kuuchukua mwili. Alifika wodini na kitambaa kwapani akamkuta dada yake amekaa kitandani, kaegemea mto, anakunywa uji. Mama alitusimulia hili maisha yake yote. Alimwuliza, "Kaka, umeniletea nini?" Mjomba, mtu mzima mwenye ndevu, akajibu kwamba ni kitambaa cha pazia. Mama akamwambia cheupe kitachafuka upesi.

Mjomba aliporudi jua lilikuwa linashuka. Akasimama mbele ya watu akasema Mwanahawa ni mzima, anakunywa uji. Ungetarajia vigelegele. Watu wakatazamana, na mzee mmoja akauliza kilichopaswa kuulizwa mchana: sasa amekufa nani? Hadija kwa sauti ndogo akasema, "Kishada." Kishada nani? Wa kwa nani? Anakaa wapi? Wakaanza kumtafutia ukoo. Mmoja akasema aliwahi kumfahamu Kishada mmoja kule Mkongo, mchoma mkaa, kumbe naye maskini keshaondoka. Seif aliitwa aeleze, akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kupotea, mpaka imamu akasema wali umeshaiva, watu waule wamshukuru Mungu kwa uhai wa Mwanahawa. Tukala. Bi Tatu akadai haki yake ya utani hata hivyo, akapewa ukoko.

Nilisubiri bakora. Bibi hakunipiga. Baada ya watu kutawanyika alinikalisha karibu yake, akanifuta uso kwa pindo la kanga, akaniuliza kwa upole kabisa, "Huyo Kishada wenu, alikuwa mtu mwema?" Nikamwambia ndiyo, anaokoa watu. Akasema, "Haya. Mungu amrehemu." Sikujua kama ananitania. Bado sijui. Mama alirudi nyumbani mwezi wa Ramadhani na shingo yenye makovu, na sehemu iliyofuata ya katuni haikufika kamwe. Seif alihamisha banda lake akarudi kwao.

Siku hizi naishi Mbeya, na binti yangu anatazama katuni kwenye simu akiwa amejilaza kwenye kochi. Nilimsimulia, akaitafuta, akaipata kwa muda wa kupasua karanga. Ni yeye, na nguo yake ileile. Tukaitazama, kisha akagusa kioo, na sehemu inayofuata ikaanza palepale: Kishada anafumbua macho, anaomba maji. Vile vitambaa vilikuwa bendeji. Chini yake maoni ya watu wa dunia nzima, wengine wanasema waliikatia tamaa, wengine wanasema walijua tu, wengine wameandika kwamba walilia wakiwa watu wazima. Walikuwa wakibishana kama sisi, isipokuwa wao walikuwa na jibu kidoleni na bado wakabishana. Nilitegemea nitafurahi. Nilichosikia kilikuwa kitu kama hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Binti yangu alikuwa ameshahamia katuni nyingine.

Masika iliyopita nilitoka kazini nikawasha simu, ikaita kabla sijafika getini. Alikuwa Hadija. Akasema mama ametutoka asubuhi, nyumbani, usingizini. Nilimsikia vizuri, barabara ilikuwa tulivu. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wengi, mabenchi yanaburutwa, wanawake wanalia, nikazitambua zote, na sikulia. Nilimwuliza, "Hadija, nani amemwona?" Mtu mwingine angefikiri nimechanganyikiwa. Hadija alinielewa, akasema, "Mimi, dada. Nimemwosha mwenyewe." Nikakaa chini palepale.