Maksai Waliozoea Matusi

Kabla sijabatizwa, maksai wangu walilima kwa matusi. Bila kutukaniwa mama zao hawakuinua mguu. Jumatatu baada ya ubatizo niliwafunga nira, nikawaambia kwa upole, "Twendeni." Wakasimama kama visiki. Jirani yangu alicheka mpaka akakaa chini. Tusi lilinifika kooni. Nikamwomba Mungu, nikalimeza, nikaanza wimbo wa kanisani kwa sauti yangu mbaya. Siku tatu tulihangaika hivyo. Siku ya nne, ubeti wa pili, wakavuta, nami sikunyamaza mpaka shamba lote la pamba likaisha.

Msimu uliofuata jirani aliwaazima. Akawatukana asubuhi nzima, hawakusogea. Saa sita akanijia, jasho likimtiririka: "Ndugu yangu, hebu nifundishe ule wimbo."