Kikao Katika Chumba cha Kiyoyozi

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya chama cha ushirika hapa Kyela, nyuma ya mama aliyeleta magunia mawili ya kakao kutoka Makwale. Mzigo wa mnada wa wiki hii ulikuwa unapokelewa hadi saa sita kamili. Saa tano na dakika ishirini kompyuta ya karani ilikwama.

"Mtandao, mama," akasema karani.

"Mtandao gani, mwanangu? Kakao hii hapa, mizani ile pale."

Haukuwa mtandao. Nyuma ya karani, katika chumba cha seva, ile mashine inayoendesha kompyuta zote za chama, viongozi saba walikuwa wanalinganisha mitambo miwili ya kununua: mmoja una seva, hifadhi ya data na vifaa vya mtandao ndani ya kabati moja, mwingine unanunuliwa kipande kipande. Walikaa humo kwa sababu ndicho chumba pekee chenye kiyoyozi, na mlango waliuacha wazi ili chai ipite. Seva ilipata joto, ikajizima.

"Ndiyo maana tunataka mpya," akasema mwenyekiti, akijipepea kwa jedwali la ulinganisho. "Hii haivumilii joto."

"Joto ni nyinyi, baba," mama akamjibu. "Tokeni, ipoe."

Walitoka na vikombe vyao. Mashine iliwaka saa sita na dakika nne. Mama akaambiwa asubiri mnada ujao.

Jedwali lilibaki kaunta, nikalisoma lote. Mstari wa tisa unasema mtambo ukae katika chumba kilichofungwa, kisicho na watu. Mwenyekiti ameuwekea alama ya vema kwa mitambo yote miwili.