Kiti cha Juni Kumi na Tisa

Mama mkwe wangu, Hulda Sneed, alikuwa na kijicho. Nalisema wazi kwa sababu nilikaa naye nyumba moja miaka kumi na minne, na kijicho hicho nilikipikia, nikakifulia, nikakiombea kanisani. Hakikuwa cha watu wengi. Kilikuwa cha mtu mmoja tu, Arminta Gaines, aliyekaa upande wa pili wa kanisa letu hapa Mud Fork, Texas.

Hulda alifua nguo za wazungu maisha yake yote. Alisimama uani mbele ya sufuria kubwa la chuma, akikoroga mashuka kwa mti mpaka mikono ikachubuka. Arminta alishona magauni ya wazungu hao hao, naye alishona ameketi. Hulda alikuwa mweusi tii, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Arminta alikuwa maji ya kunde, mrefu, nywele zimelala zenyewe bila kupitishwa chuma cha moto. Kila mtu alijua rangi ile ilitoka wapi. Ilitoka kwa mzee Gaines, mzungu aliyewamiliki wote wawili walipokuwa watoto. Hulda alikulia kwenye vibanda vya watumwa, mama yake akichuma pamba. Arminta alikulia jikoni, katika nyumba kubwa.

"Alivaa viatu," Hulda alikuwa akiniambia. "Mimi nakanyaga barafu peku, mwenzangu ana viatu. Na soksi!"

"Mama, hayo ni ya miaka sitini iliyopita."

"Iambie miguu yangu. Mimi hainisikii."

Arminta akipanda waridi, na sisi tulipanda waridi. Arminta akija na kofia mpya, Hulda hakusikia neno moja la mahubiri. Mwaka Arminta alipougua mapafu, mama mkwe wangu alimpelekea supu ya kuku siku tatu mfululizo, watu wakamsifu kwa moyo wake mwema. Moyo mwema wapi! Alitaka kuona ndani kukoje. Siku ya tatu alirudi amenuna, akaniambia, "Ana kitanda cha shaba," akaenda kulala bila kula.

Lakini kitanda si kitu. Kilichomla roho ni kiti.

Kila tarehe kumi na tisa ya Juni, siku habari za uhuru zilipofika Texas, tunakusanyika nyuma ya kanisa. Nyama inachomwa shimoni tangu alfajiri, kuna soda nyekundu na matikiti, na mbele kabisa kinawekwa kiti chenye utepe mweupe. Hukaa hapo yule aliyekula chumvi nyingi kuliko wote waliozaliwa utumwani. Husema kabla ya mchungaji, na sahani ya kwanza ni yake. Tangu mzee Prince Odom afariki walibaki wawili tu, na kwa miaka sita aliyekaa ni Arminta.

Watu wa zama zile hawajui miaka yao. Hukadiria kwa kazi: uhuru ulinikuta nabeba maji, uhuru ulinikuta nalea watoto, uhuru ulinikuta nashika jembe. Arminta alisema uhuru ulimkuta akifukuza nzi mezani kwa upepeo wa manyoya. Hulda akasema yeye alikuwa akibeba maji shambani, na tangu lini mfukuza nzi akamzidi umri mbeba maji? Wazee wa kanisa wakakohoakohoa, wakampa Arminta.

"Wanapenda kuiona rangi ile mbele," Hulda alisema. "Uhuru ulitutoa shambani, katika hilo haukututoa."

Nilimkemea. Ila wale wazee wa kanisa, kila mmoja alikuwa ameoa mke wa maji ya kunde.

Mwaka 1927, Mwalimu Leotha Birdsong alianza kuandika kitabu juu ya kijiji chetu. Alikuwa amechoshwa na kitabu kilicholetwa shuleni, kinachowafundisha watoto wetu kwamba babu zao walinenepa utumwani na kuimba kutwa. Akasema ataandika cha kwetu, kwa maneno yetu. Aliposema ataenda mahakamani kutafuta wosia wa mzee Gaines, Hulda alimshika mkono.

"Nitafutie umri wangu, mwalimu. Nataka kile kiti kabla sijafa."

Mwalimu alirudi na wosia ameunakili kwa mkono wake mwenyewe, asubuhi ya siku yenyewe ya sherehe. Hakuwa na furaha.

"Mama Hulda, kuna mambo mengine humu. Twende ndani tuusome kwanza, wewe na mama Arminta."

"Aliketi mbele za watu," Hulda akasema. "Usomwe mbele za watu."

Arminta alikuwa tayari kitini, mwavuli mapajani. Akasema, "Soma, mwanangu. Mwache afurahi."

Mwalimu akasoma. Uliandikwa mwaka 1860. Kwanza farasi, kisha nyumbu, kisha sisi. "Dorkasi, mweusi, mchuma pamba, pamoja na mtoto wake Hulda, miaka minne."

"Minne!" Hulda akapiga makofi. "Endelea!"

"Arminta, chotara, miaka mitatu. Apewe binti yangu Louisa, awe mali yake."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzungu alimchukua binti yake akampa binti yake, kama mtu anavyomwachia mtoto saa ya ukutani. Tulilijua siku zote. Kulisikia likisomwa ni jambo jingine.

Arminta akainuka mwenyewe. "Kaa," akamwambia Hulda. "Ni chako kweli."

Hulda akakaa. Ndoto ya miaka sita, na alikaa ukingoni kama mgeni.

"Mwalimu," Arminta akasema, "hapo kwangu, hakuna jina la mama?"

"Hakuna, mama."

"Tazama tena."

Mwalimu akatazama tena. Akatikisa kichwa.

Ndipo Arminta akamgeukia mama mkwe wangu. Sikuwahi kuisikia sauti yake ikipanda kabla ya siku ile.

"Nilikuwa nakuona, Hulda. Kutoka dirisha la jikoni. Mama yako anarudi kutoka pambani, mgongo umepinda, na bado anakubeba. Jitu zima, miguu inaning'inia! Nilikuchukia. Usiku nalala sakafuni miguuni pa kitanda cha Louisa, nawaza yule mtoto sasa amelala ubavuni pa mama yake. Mpaka leo, ukipita barabarani, nauona ule mgongo."

"Wewe?" Hulda akasema. "Wewe, unionee wivu mimi?"

"Wewe ulikuwa na wa kumwita mama. Mimi hata jina lake sijui."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti, nikaona shingo ya mama mkwe wangu ikilegea. 

"Viney," akasema.

"Nini?"

"Mama yako aliitwa Viney. Walilala kibanda kimoja, yeye na mama yangu. Ulipozaliwa, bibi wa nyumba aliiona rangi yako, akataka Viney auzwe. Wakamuuza Louisiana wewe ukiwa bado unanyonya. Mama yangu alinisimulia nikiwa mdogo."

Arminta akakishika kiti asianguke. "Umelijua jina la mama yangu miaka yote hii?"

"Nilidhani unalijua. Nilidhani watu wa nyumba kubwa mna kila kitu kimeandikwa, na humtaji kwa sababu unamwonea haya." Hulda akainamisha kichwa. Angeweza kuishia hapo, wala hakuna ambaye angejua. "Hapana. Siku nyingine nilihisi hujui. Nikasema moyoni, ana viatu, ana nywele, ana kitanda, basi hili na libaki langu."

Mchungaji alitaka kuanzisha wimbo. Nilimkata jicho, akafunga mdomo.

"Litaje tena," Arminta akasema.

"Viney."

"Tena."

Hulda alilitaja mpaka sauti ikamkauka, na Arminta hakumshukuru hata mara moja.