Kigoda Upande wa Moshi

Siku moja haijanitoka kichwani hadi leo, mwanangu, na aya hii uliyonisomea imeirudisha. Nilikuwa kidato cha pili, hapa hapa Ifakara. Tulisoma hadithi ya mjane aliyetunza mbegu ya mpunga huku nyumba yake ikilala njaa. Nami nikaandika kwa mbwembwe: "Mjane huyu anaweza kujizuia kwa sababu ni mvumilivu." Basi, nikaona nimemaliza! Aya bora ingesomwa siku ya wazazi, na nafasi hiyo niliitaka kuliko nguo ya Krismasi.

Mwalimu wetu, mama mpole asiyepandisha sauti, akanirudishia. "Mbona kila akipika anakipa mgongo kikapu cha mbegu?" aliniuliza.

Nikaenda nalo nyumbani swali lile.

Mbegu yetu ilining'inia kwenye boriti ya jikoni, ipate moshi isibunguliwe, tukingoja mvua tukapande shambani kwetu Idete. Chakula kilikuwa kimekwisha. Mama alikoroga uji wa muhogo, mdogo wangu akilia anataka wali. Njaa haina baunsa, kama msemavyo vijana, hata mwenye misuli humwangusha. Ndipo nikaona nilichokuwa nikikiona kila siku: mama amehamisha kigoda, moshi wote unamwingia machoni.

"Mama, mbona unakaa upande wa moshi?"

"Nimezoea tu."

Nikageuka kutazama nyuma ya mgongo wake. Ilikuwa ile mbegu. Moyo uliniuma, mwanangu, maana siku zote nilidhani mama hana njaa.

Nikaifuta aya yangu, nikaanza na njaa ya mjane, na jinsi alivyoitamani mbegu ile hata akaogopa kuitazama. Siku ya wazazi niliisoma, mama akiwa benchi la nyuma. Tukiwa njiani kurudi akaniuliza taratibu, "Nani kakwambia yule mama alitamani?"

"Kigoda chako, mama."

Alinishika mkono mpaka nyumbani.

Usione vyaelea, mwanangu, vimeundwa. Asiyetamani hana cha kujizuia. Kwa hiyo nawe futa hilo neno "mvumilivu" kwenye aya yako, tafuta kwanza mhusika wako anatamani nini, kisha uliza amegeukia wapi. Na wa nyumbani kwako uwatazame vivyo hivyo, wangali hai.

Mungu akupe macho yasiyochoka kuuliza, na kila mvua ikukute na mbegu.