Mbwa Wawili wa Dirisha la Kjerstine

Sidsel Brinch alikuwa na miaka tisa siku watu wa televisheni walipokuja kijiji cha Sønderho, Denmark, kupiga picha nyumba ya bibi yake, na tangu siku hiyo hakuambilika.

Kipindi kiliitwa Jumapili Njiani. Kisiwa kizima cha Fanø kilikitazama, saa moja jioni, kahawa mezani na keki imeshakatwa. Mtangazaji wake, Torben Falkenlund, alikuwa bwana mrefu wa koti la kijivu, fundi wa kutembea kinyumenyume huku anazungumza, na hajikwai ng'o. Siku hiyo alisimama nje ya dirisha la Bibi Kjerstine akawaonyesha watazamaji mbwa wawili wa kauri. Nyumba za manahodha zote zilikuwa nao: mume akiwa baharini mbwa hutazama nje, akirudi hugeuzwa watazame ndani. Torben akashusha sauti.

"Nahodha Jes alizama," akasema. Akanyamaza, mpaka ukausikia upepo. "Na mkewe hakuwageuza mbwa hawa kwa miaka thelathini na mmoja."

Kipindi kiliporushwa, Sidsel alilia pale pale mbele ya skrini. Nahodha Jes alikuwa baba yake Bibi Kjerstine. Bibi mwenyewe alikuwa nyuma yake, anambandua ngozi samaki mkavu wa moshi.

"Muongo mkubwa huyo," Bibi akaguna. "Baba yangu hakuzama popote."

"Bibi, nyamaza bwana, sisikii!"

Bibi akanyamaza.

Basi mtoto akakua na sauti ya Torben kichwani. Wenzake walipokwenda bara kusomea uuguzi na ualimu, yeye alikuwa anatembea kinyumenyume kwenye vichochoro vya Sønderho, mara kaanguka kwenye ua wa watu. Alipofika miaka ishirini na mitatu akapewa beji ya kuongoza wageni, na kituo chake kikubwa kikawa dirisha lile lile. Maneno yalikuwa ya Torben, neno kwa neno, na pale pa kunyamaza alinyamaza.

Bibi Kjerstine, miaka themanini na sita, alimsikia kila siku kupitia kioo.

"Njoo ukae, mwanangu," akamwambia mchana mmoja. "Nikueleze mama yangu aliwaacha kwa nini wale mbwa. Si hadithi fupi."

"Nina kundi saa nane, Bibi. Siku nyingine."

"Siku nyingine zangu unazo wewe?"

"Halafu wageni wanaipenda ilivyo. Jana mama mmoja alilia."

"Alie tu. Mama yangu yeye hakulia hata mara moja. Hapo ndipo hadithi inapoanzia."

Lakini Sidsel alikuwa keshashika mwavuli. Bibi alimwita tena majira ya kupukutika majani, akamwita tena Krismasi, na kila mara palikuwa na kundi, au mafunzo, au uchovu. Machi iliyofuata Bibi akafariki. Nyumba ikawa ya Sidsel, na mbwa wake. Kila asubuhi aliwapangusa vumbi na kuwapanga watazame nje, wageni wapate kuona.

Miaka ishirini na sita akaisema hadithi ile. Ndipo mwaka jana barua ikaja: Jumapili Njiani inafungwa baada ya miaka arobaini na mitano, na Torben angependa kupita Sønderho kwa kipindi cha mwisho. Sidsel alishona koti jipya. La kijivu.

Torben alifika na mkongojo, masikio mazito, mvua inanyesha. Sidsel akasimama dirishani, akamsimulia mzee maneno yake mwenyewe, na alipofika pa kunyamaza, akanyamaza. Torben akacheka mpaka akakohoa.

"Mungu wangu! Bado mnaisema hiyo?"

Mchana, kwenye supu, Sidsel akamsogelea. "Hadithi ile ulipewa na nani?"

"Na nani tena? Mvua ilikuwa kama hii, dada yangu. Tulipungukiwa dakika mbili, nikaitunga palepale chini ya mwavuli."

"Ukamuuliza mwenye nyumba?"

"Nilimuuliza! Bibi mmoja mkali kweli. Alituketisha jikoni karibu saa nzima akatupa ya kweli. Nahodha alishukia bandari ya Hull, Uingereza, akabaki huko. Ya mke ndiyo ilikuwa tamu hasa. Nikamwambia, bibi, hii ni tamu lakini si ya Jumapili."

"Ya mke alisemaje? Kuhusu mbwa?"

Torben akakunja uso. Akaangalia supu, akaangalia dari. "Hawakuwa wa kumngoja mtu, hilo nakumbuka. Walikuwa wa... ah. Miaka arobaini, dada. Imepotea."

"Mlirekodi?"

"Jikoni? Mwanga haukutosha." Akamtazama vizuri. "Kwani alikuwa nani kwako?"

"Bibi yangu."

"Ahaa," Torben akafurahi. "Basi si alikwambia mwenyewe!"

Kesho yake lilikuja kundi la wastaafu kutoka Silkeborg. Sidsel akawapeleka dirishani, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kuwapeleka. Akafungua mdomo, na maneno ya Torben yakagoma kutoka.

"Nahodha wa nyumba hii hakuzama," akasema. "Alimwacha mkewe."

"Mbona mbwa walitazama nje, sasa?" akauliza mzee mmoja.

"Mkewe alikuwa na sababu yake."

"Sababu gani?"

"Sijui. Bibi yangu alikuwa anaijua."

Watu wakatazamana. Mmoja akatoa simu. Ndipo mama mnene wa kofia ya sufu akajipenyeza mbele. "Mimi naijua! Niliiona kwenye Jumapili Njiani, nikiwa na mimba ya mwanangu wa kwanza." Akawageukia wenzake, akashusha sauti. "Nahodha Jes alizama." Akanyamaza pale pale panapotakiwa. "Na mkewe hakuwageuza mbwa hawa kwa miaka thelathini na mmoja."

Wakapiga makofi. Mmoja akajifuta macho.

Yule mama akampigapiga Sidsel begani. "Usijali, mwanangu," akamwambia. "Ndiyo unaanza kazi, eh? Utazoea tu."